Maji Yaliyochemshwa Bado Yanaweza Kuwa na Sumu

Mjini Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, neno uchafu limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Marundo ya taka kando ya soko la mtaa wetu uitwao Kenya ni uchafu. Maji ya kisima yaliyoleta kipindupindu ni machafu. Na vumbi la viwanda vya kuyeyushia shaba, linapotua juu ya lengalenga (mchicha) za mama anayelima kando ya mto, nalo tunaliita uchafu. Kwa maoni yangu, kuyaweka mambo haya matatu chini ya jina moja kunatugharimu afya, kwa sababu kila moja lina dawa yake, dawa ya moja haiponyi jingine, na mara nyingine huliongeza.

Nianze na maji. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba maji yasiyoaminika yachemshwe au yatiwe klorini. Mafundisho hayo ni sahihi kabisa kwa upande wa vijidudu, kwa kuwa kipindupindu huletwa na bakteria, na bakteria huyo hastahimili maji yanayochemka. Lakini metali zenye sumu kama kobalti, risasi, kadimi na arseniki hazina uhai wa kupotezwa na moto. Maji yakichemka, mvuke hupanda na metali hubaki sufuriani, kwa hiyo maji yanayosalia yana metali nyingi kidogo kwa kila kikombe kuliko yalivyokuwa kabla ya kubandikwa jikoni. Mama aliyeteka maji kisimani karibu na mtaro wa kiwanda, akayachemsha juu ya makala (makaa), akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa safi na kuyafunika, ametimiza kila alichoelekezwa. Maji yake ni maangavu na hayana harufu. Ukimwambia kwamba ni machafu atakucheka, na atakuwa na haki, kwani neno ulilotumia silo.

Waingereza na Wafaransa wanatumia neno pollution, ambalo asili yake ni Kilatini na ambalo kwa karne nyingi lilihusu zaidi kunajisiwa kwa mwili na kwa mahali pa ibada kuliko moshi na mito. Nasi tunalo neno najisi, lenye historia inayofanana na hiyo, na nadhani fikra yake bado imo ndani yetu hata tunapozungumza mambo ya viwanda: kilichonajisika husafishwa kwa maji, kikarudi hali yake. Ndiyo maana tunaosha mboga kwa bidii na kuamini kwamba shauri limekwisha. Kuosha kunasaidia kweli, kwa sababu kunaondoa sehemu ya vumbi lililo juu ya jani; nisieleweke kwamba watu waache. Ila mboga iliyooteshwa katika udongo wenye metali huivuta kwa mizizi na kuiweka ndani ya jani lenyewe, na hapo hata ungeosha mara saba, metali italiwa pamoja na bukari (ugali).

Katika hazina ya Kiswahili chenyewe, maneno tunayoyahitaji yapo. Uchafu ni hali tu, haina mtendaji. Nyumba inaweza kuwa na uchafu bila mtu yeyote kuulizwa. Uchafuzi ni tendo, nalo lina mchafuzi. Maambukizi ni ya vijidudu, yanatoka kwa kiumbe kwenda kwa kiumbe. Sumu haiambukizi, lakini inaweza kujilimbikiza, na swali lake la kwanza ni kiasi gani. Mkuu wa mtaa anayesema kwamba mto wetu una uchafu hajamsumbua mtu yeyote, ilhali yule anayesema kwamba mto umechafuliwa kwa sumu ameshauliza, hata kabla ya kumaliza sentensi, nani amefanya na ametia nini.

Jibu la swali hilo kwa mji wetu ni refu kuliko umri wa yeyote kati yetu. Union Minière, kampuni ya madini ya wakoloni wa Kibelgiji, iliundwa mwaka 1906, mji wetu, wakati huo ukiitwa Élisabethville, ukaanzishwa mwaka 1910, na kiwanda cha kuyeyushia shaba kikaanza kutoa shaba mwaka 1911. Yaani mji na moshi wake ni ndugu walioachana kwa mwaka mmoja. Upepo wa kiangazi hapa huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo kwa miongo mingi vumbi la metali lilianguka upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda, na huko udongo ulibadilika hadi miti ikafa. Ukipita huko, upande wa Penga Penga, utaona mahali ambapo huota mmea mfupi wenye maua ya zambarau, ambao wataalamu wa mimea huuita Haumaniastrum katangense. Mmea huo unavumilia shaba nyingi ambayo ingeua mahindi. Mgeni ataona bustani, na mwenyeji anayejua ataona hati ya kupima udongo iliyoandikwa kwa maua.

Miili yetu nayo imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji, ulikuta kobalti kwa wingi katika mkojo wa watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda, na watoto walikuwa na hali mbaya kuliko wazazi wao. Sababu yake si ngumu kuielewa: mtoto hucheza chini, hugusa vumbi, kisha hutia mkono kinywani. Utafiti mwingine wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na kasoro hapa mjini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na baba anayefanya kazi ya madini. Hakuna salongo ya Jumamosi, yaani kazi ya pamoja ya usafi, inayoweza kulifikia jambo la namna hii. Salongo naipenda, mitaro iliyozibuliwa hupunguza mbu na kipindupindu, lakini fagio kavu juu ya vumbi lenye kobalti hulirusha hewani, na watoto wako palepale wakilivuta. Afadhali kumwagia maji kwanza au kupangusa kwa kitambaa chenye unyevu, jambo ambalo sijawahi kusikia likitangazwa redioni wakati wa kuhimiza usafi.

Sheria ya Kongo ya mwaka 2011 kuhusu mazingira, namba 11/009, imekubali kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Ni kanuni nzuri, lakini haiwezi kuanza kazi mahali ambapo malalamiko yote yameandikwa kama habari ya uchafu, kwa kuwa uchafu ni wa wote na bili ya wote haina wa kuipokea. Ndiyo maana ningependa kila foraji (kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine) inayohudumia watu wengi iwe na kibao chenye Kiswahili cha kawaida: maji yalipimwa mwaka gani, yalikutwa na vijidudu au la, yalikutwa na metali gani, na yanafaa kunywa au kufulia tu. Pale penye vijidudu, watu wachemshe. Pale penye metali, waambiwe wazi kwamba kuchemsha hakutawafaa, wapewe maji kutoka mahali pengine, na gharama ipelekwe kwa mwenye mtaro. Mashamba ya mboga nayo yapimwe. Udongo ulioharibika kidogo unaweza kusaidiwa kwa chokaa na mboji, ambavyo hupunguza kiasi cha metali kinachovutwa na mizizi. Ulioharibika sana usipandwe chakula kabisa, na mama aliyekuwa akiulima apewe kiwanja kingine kabla hajafukuzwa kwenye huo.