Upanga wa kale wa China: utiwe asidi au uachwe na weusi wake?

Mwenye upanga wa enzi ya Qing (1644–1912) akitaka kujua ni wa pua (chuma kigumu chenye kaboni) gani na ulifuliwaje, huambiwa upesi: sugua, tia asidi, tazama mistari ya tabaka za chuma. Wapinzani husema weusi uliokaa karne nzima ukiondoka haurudi. Ni kweli, ila upanga uliokuwa kazini uling'arishwa; mara nyingi weusi huo ni wa miaka ya kutelekezwa, nao ndio unaoficha ushahidi.

Hoja nzito zaidi dhidi ya asidi ni kwamba haionyeshi umri. Karakana za leo nazo hufua tabaka, zikichanganya pua yenye nikeli ili mistari ing'ae. Mistari mieupe mno, safi, bila doa, ishuku. Chuma cha zamani hubeba mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia: vistari vyeusi vilivyovutwa na nyundo kufuata urefu wa bapa, na pengine ufa pale tabaka zilipokataa kushikana.

Bapa lisilo na mistari nalo si lazima liwe bandia. Mwaka 1637 Song Yingxing aliandika kwamba panga bora huvikwa pua iliyofuliwa sana kwa nje, ndani mkabaki chuma laini. Nyingine zina pua katikati, imebanwa na mbavu laini, makali yakichomoza. Aina hizi mbili hazitoi sura moja hata zikitiwa asidi ileile.

Kwa hiyo anza na msuka, yaani mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ikiwa mpini unafunguka bila kulazimishwa. Ncha ya asili hugongwa ikafumba. Ukikuta nati, ni kazi mpya au matengenezo ya baadaye. Kifaa cha eksirei cha mkononi hakisomi kaboni, lakini manganizi ikifika nusu asilimia huashiria pua ya kiwandani.

Bado una shaka? Fungua dirisha la sentimita 3, yaani sehemu ndogo ya kujaribia, upande mmoja, lifike kwenye makali, maana matiko (ugumu uliotiwa kwa moto na maji) huonekana huko. Futa mafuta kwa asetoni. Pitisha msasa wa maji namba 400, 600, 1000, kisha 2000, umezungushiwa kijiti bapa. Ukitumia kidole utalainisha kingo za uti wa katikati. Changanya kloridi ya feri sehemu 1 kwa maji 20, pakaza kwa pamba sekunde chache, suuza, zimua kwa soda ya kuokea, kausha kwa hewa moto, paka mafuta mepesi. Upanga wenye nyufa zilizo wazi usiutie kabisa: asidi hujificha kati ya tabaka na kutu huendelea ndani, usikoweza kuifikia.