Paswedi naijua, herufi kubwa ndo zimenishinda

Jamani hii kero itaniua. Nina faili la zipu lenye vyeti vyangu vyote nilivyoskani 2017, nikalifunga mwenyewe, na paswedi naikumbuka vizuri tu, ni ndizinyama, sasa ishu ni kwamba kipindi kile nilijifanya mjanja nikachomeka herufi kubwa humo katikati, wapi sijui. NdiziNyama? Imegoma. ndiziNYAMA? Wapi! NDIZINYAMA yote? Holaa. Bora ningesahau kabisa nijue moja.

Nikapiga hesabu, herufi kumi, kila moja ama kubwa ama ndogo, mbili mara mbili mara mbili hivyo hivyo hadi zitimie kumi, unapata 1,024. Kompyuta ikipewa programu yake hiyo kazi ndogo sana, ila mimi natumia vidole na daftari la kutiki (ndio, daftari). Afu unachoandika unaona vinukta tu, hujui shifti imeshika au haijashika. Niko ya 63 hapa, ndo nagundua kapsi loki inawaka tangu ya 40, kwa hiyo nilizotiki sizo nilizojaribu.