Lita 200 za dizeli na neno "uwajibikaji"

Ijumaa iliyopita nilitoka kwenye semina ya uongozi kabla haijafungwa. Sikuaga mtu. Nilichukua mkoba, nikapita nyuma ya mwezeshaji aliyekuwa anabandika karatasi za chati mgeuzo ukutani, nikashuka mpaka ufukweni na kukaa juu ya gogo la mnazi hadi mikono ilipoacha kutetemeka. Wenzangu wawili walinifuata na maji ya chupa wakidhani presha imepanda.

Haikuwa presha. Mada ya asubuhi ile ilikuwa kuishi tunu zetu kazini, yale maadili ya msingi ambayo ofisi imejiwekea, na aliyesimama mbele kutufafanulia tunu ya tatu, uwajibikaji, alikuwa mkuu wetu wa kazi. Alizungumza vizuri. Alisema kiongozi wa kweli hamtupi mtu wake. Watu wakapiga makofi. Kwenye mstari wa tatu alikuwepo kijana wetu wa stoo, daftari mapajani, anaandika kila neno. Nilimwona akipigia mstari. Hapo ndipo nilipochukua mkoba.

Mwaka jana mwezi wa tano, jioni, nilikuwa ofisini kwa mkuu huyu nasubiri sahihi yake kwenye dokezo. Mbele yangu akapiga simu stoo. "Mpe dereva lita 200. Karatasi tutaziweka sawa kesho." Mnaofanya kazi maofisini mnaijua hiyo kesho. Dizeli ikatoka, gari likaenda lilikokwenda, hati ya kutolea mali haikujazwa. Miezi mitatu baadaye wakaja wakaguzi. Leja inasema hivi, pipa linasema vile. Kijana akapewa barua ya kujieleza ndani ya saa 48, akajieleza kwa ukweli, kwamba aliagizwa kwa simu na nani, siku gani, saa ngapi.

Kikao kikaitishwa. Mkuu akasema maneno machache tu: "Stoo haitoi mali kwa simu. Utaratibu unajulikana."

Ni kweli, unajulikana. Umebandikwa mlangoni. Nami nilikaa viti viwili kutoka kwake, mtu pekee niliyeisikia simu ile, nikaangalia meza. Nitarudi kwenye hilo, kwa sababu sina haki ya kuandika makala hii bila kulisema.

Kijana alisainishwa karatasi ya kukubali kukatwa shilingi 100,000 kila mwezi kwa miezi sita. Mke wake alikuwa na mtoto wa wiki tano. Sheria ya ajira ya 2004 inataka kosa la mfanyakazi lithibitishwe na apewe nafasi ya kulipinga kabla mshahara wake haujaguswa kufidia hasara, lakini mtu mwenye mtoto wa wiki tano anasaini. Nilipomfuata stoo kumpa pole akaniambia, "Dada, yameisha, tufanye kazi." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Sasa tunaambiwa tatizo letu ni kutozijua tunu. Ndiyo maana zinaandikwa upya kila baada ya miaka mitatu, zinachapwa kwenye kalenda, zinatundikwa mapokezi. Sijawahi kukutana na mtu mzima asiyejua kwamba kumsingizia mwenzako ni dhambi. Bibi yangu hakusoma hata darasa moja na alilijua. Tunachokosa ni mtu wa kulipa. Kila tunu ina siku yake ya ankara, siku ambayo ukweli unagharimu fedha, au cheo, au aibu mbele ya wakaguzi. Siku hiyo ikifika, tazama nani anaitwa dirishani kulipa. Kwetu aliitwa mwenye mshahara mdogo kuliko wote waliokuwa kwenye kikao kile. Kila ofisi niliyofanya kazi, na hii ni ya nne, lawama hushuka kama maji ya mvua kwenye mtaro na kutulia chini kabisa, kwa karani, kwa dereva, kwa kijana wa stoo. Sifa hupanda.

Lawama imewahi kwenda kinyume, ikapanda, katika nchi hii, na wengi wetu tuna wazazi wanaokumbuka. Mwaka 1976 huko Mwanza na Shinyanga wazee walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa wachawi. Vyombo vya dola vikaingia kuwasaka wauaji. Watu wakakamatwa, wakateswa, baadhi wakafia mikononi mwa waliopaswa kuwalinda. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakushika rungu. Alikuwa na kila neno la kujitetea ambalo mkuu wangu alilitumia kwa lita 200: utaratibu unajulikana, polisi hawaruhusiwi kutesa, waliofanya wameshajulikana na waadhibiwe. Januari 1977 akaachia ngazi, kwa sababu yaliyotendeka yalitendeka chini ya dhamana yake.

Nawaomba mlifikirie jambo hilo kikazi, tuache siasa. Polisi aliyeko kituo cha mbali Usukumani anasikia waziri ameondoka kwa ajili ya alichofanya yeye. Hakuna semina inayoweza kumfundisha hivyo. Na wananchi waliofiwa wanasikia kwamba maisha ya ndugu yao yamehesabiwa kuwa na uzito wa kumwangusha mkubwa. Mwinyi alikwenda kuwa balozi Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, 1985 Rais wa Muungano. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, wengi walimlilia Mzee Ruksa, mzee wa maduka yaliyojaa tena sukari na sabuni. Mimi nilimlilia waziri wa 1977.

Najua mtakachonikumbusha. Ni yeye huyo huyo aliyekuwa mwenyekiti wa chama mwaka 1991, Halmashauri Kuu ilipokutana Zanzibar na kulegeza miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, ile iliyomkataza kiongozi mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha. Nakubali, na bado nina kinyongo. Wapo wanaosema miiko ile ilikuwa imeshakuwa ya karatasi tu, watu wanamiliki kwa majina ya wajomba, na afadhali kusema kweli kuliko kuishi kwa kujificha. Labda. Lakini mwiko unaovunjwa kwa kujificha angalau humfanya anayeuvunja aone haya. Tulipouondoa tuliondoa na haya yenyewe, na nadhani mkuu wangu ni mtoto wa ofisi zilizojengwa baada ya hapo. Haya yote hayafuti Januari 1977. Mtu anaweza kulipa ankara moja kwa heshima na nyingine akashindwa.

Neno "uhalisi" nalo lilitajwa sana kwenye semina: uwe wewe mwenyewe, usivae sura ya kazini. Sina ugomvi nalo, ila nimewahi kuwa chini ya bosi aliyetukana watu mbele ya wageni akisema "mimi ndivyo nilivyo". Kuwa ulivyo hakutoshi.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichoma zaidi pale ukumbini. Baada ya makofi tuligawanywa kwenye vikundi, na kila kikundi kiandike "watumishi wa ngazi za chini wafanye nini ili kuziishi tunu". Ngazi za chini! Kana kwamba huko ndiko kulikopungua uadilifu. Wenzetu wa Kenya wanaye mtu wa kuwafundisha bei ya uadilifu wa ngazi ya chini. David Munyakei alikuwa karani kijana tu Benki Kuu ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwenye meza yake zikapita karatasi za kuilipa kampuni moja, Goldenberg, fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, wakati Kenya haina almasi ya kuuza na dhahabu yake ni kidogo mno. Wakubwa wake walisaini. Yeye, karani, akatoa nyaraka zikawafikia wabunge wa upinzani, na kashfa ikalipuka. Mwaka 1993 akakamatwa, akapoteza kazi, akahamia Mombasa kuanza maisha upya. Miaka mingi baadaye akapewa tuzo ya uadilifu, lakini kazi yake hakurudishiwa. Akafariki 2006 akiwa fukara.

Kila ninapomfikiria Munyakei naona aibu kwa niaba ya kila aliyekuwa juu yake kwenye jengo lile. Kulikuwa na wenye magari, walinzi, akiba na majina makubwa. Kwao kusema hapana kungegharimu cheo. Kwake kuligharimu maisha yote. Ni dhuluma kumtaka mwenye kidogo awe shujaa kila siku huku mwenye kingi akiruhusiwa kuwa mwoga. Kwa hiyo nasema hivi kwa waandaaji wote wa semina hizi: wekeni kwenye vikundi swali moja tu, wakubwa watamkinga vipi karani anayesema kweli? Sheria ya kuwalinda watoa taarifa tunayo tangu 2015. Lakini siku kijana amesema "niliagizwa kwa simu", anachohitaji ni mkubwa mmoja kufungua mdomo palepale mezani.

Rafiki yangu mmoja, naye ni meneja, alinisikiliza yote haya akaniambia: "Lakini na bosi wako ana wa juu yake. Angekubali kosa, naye angeandikiwa. Ana watoto chuoni." Nimelipima hilo kwa siku kadhaa. Ni kweli kwamba woga wake una sababu. Pengine aliambiwa na mtu wa juu zaidi atoe ile dizeli, na naye alikuwa anasubiri karatasi ambazo hazikuja. Namwonea huruma kwa hilo, kwa shida. Ila alikuwa na njia ndogo ambayo isingemfukuzisha kazi: kusema "niliagiza mimi, nilikosea kutofuatilia karatasi, tusahihishe". Wakaguzi wangeandika hoja, angejibu hoja, yangeisha. Hasara ile ingekuwa jeraha dogo kwake. Kwa kijana ilikuwa maziwa ya mtoto.

Na watoto wake chuoni wangekuwa na kitu cha kusimulia. Tunawasimulia watoto wetu kwamba Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamika kukatwa mishahara wakati wakubwa wananenepa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao mamia yao. Alikuwa mkali, wengine wanasema mkali kupita kiasi, na baba wa jirani yetu alikuwa mmoja wa waliorudishwa, mpaka uzee wake hakulipenda. Lakini mzee yule alikuwa akimaliza kusimulia kwa sentensi ile ile: "Ila na yeye alijikata mshahara wake." Asilimia 20. Miaka zaidi ya hamsini imepita, aliyeadhibiwa bado anaitaja kwa heshima. Hiyo "ila" ndiyo ninayoitafuta kwenye ofisi zetu na siioni.

Sasa nirudi kwenye meza ile niliyoiangalia.

Nilinyamaza. Nimejiambia mambo mengi tangu siku hiyo: kwamba mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuhuishwa, kwamba hakuna aliyeniuliza, kwamba kijana angeweza kunitaja kuwa shahidi na hakunitaja. Hili la mwisho nililitumia kama kinga kwa muda mrefu, hadi nilipoelewa kwamba hakujua nilikuwepo. Upande wa pili wa simu huoni nani amekaa na dokezo mkononi. Mimi ndiye niliyejua kwamba najua. Nilikuwa nalaumu ngazi ya juu wakati mimi nami ni ngazi ya juu kwa mtu aliyeko stoo. Nina watu watano chini yangu. Watano hao nao waliona jinsi nilivyokaa kikaoni.

Ahadi za wana-TANU ambazo baba alizikariri zilikuwa na moja inayosema "Nitasema kweli daima, fitina kwangu ni mwiko." Baba alipenda kulisisitiza neno "daima". Nilipokuwa mdogo niliona ni la kupamba tu.

Jumatatu asubuhi niliandika barua. Ukurasa mmoja. Kwamba tarehe fulani, saa kumi na moja na robo jioni, nikiwa ofisini kwa mkuu kwa ajili ya sahihi, nilisikia akiagiza kwa simu lita 200 zitolewe. Kwamba nilikuwepo kwenye kikao na sikusema. Kwamba naomba suala la makato lifunguliwe upya na fedha zirudishwe, na kama kunyamaza kwangu ni kosa la kinidhamu, basi niandikiwe. Nakala kwa utumishi. Kabla ya kuipeleka nilimpitishia mkuu mwenyewe, kwa sababu sikutaka aisikie korido. Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa. Akanirudishia bila neno.

Nikashuka nayo masijala. Mama wa masijala, ambaye yuko pale tangu enzi za mashine za kupigia chapa, aliipitisha macho, akavua miwani, akaniangalia muda mrefu.

"Mwanangu, nigonge?"

"Gonga, mama."

Akagonga muhuri mara mbili, kwenye barua na kwenye nakala yangu, akaandika tarehe kwa mkono.