Kigongeo Kilichomtangulia Dalali

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawasambazia habari yake, ile ya kwamba nilibebwa mzobemzobe na walinzi kutoka mnadani, acheni nieleze mwenyewe. Hakuna aliyenibeba. Nilitoka kwa miguu yangu, tena nimeshalipa.

Fungu langu, yaani kitu nilichokuwa nakiwania mnadani, lilikuwa kigongeo cha mlango: simba wa shaba mwenye pete mdomoni. Siku ya ukaguzi nilimchunguza vilivyo. Sumaku haikunasa popote ila kwenye pini ya bawaba, kwa hiyo mwili si chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Mgongo wa bamba una vipele vya mchanga wa kalibu na mikwaruzo ya tupa. Pete imelika pale vidole vinaposhika na pale inapogonga, kwingine haijaguswa. (Wanaozeesha shaba kwa mvuke wa amonia hunaswa hapo: rangi inakolea hata sehemu ambazo mikono ya watu ingekuwa imeshazisugua zikang'aa.)

Kasoro zilikuwa mbili. Kitako, kile kifundo kinachopigiliwa mlangoni ili pete ikigonge, kilishapotea. Na ile pini ya chuma ilikuwa imeshika kutu. Chuma kikikaa na shaba penye unyevu, kinacholiwa ni chuma. Ukiinua pete, inabaki hewani.

Basi nyundo ikaniangukia, msaidizi akaniletea simba wangu nilipoketi. Mwenye akili timamu angesubiri afike nyumbani. Mimi nikatoa kichupa cha mafuta ya kulegeza kutu, nikadondosha matone matatu kwenye bawaba, nikambana simba kwenye mgongo wa benchi la mbele lililokuwa tupu, nikainua pete hadi ilipokwama. Mafuta yale hayana haraka. Hupenya kidogo kidogo. Mnacheka nini sasa, sijafika hata nusu.

Fungu lililofuata lilikuwa kigongeo cha pomboo, na nyuma yake kina alama yenye umbo la uru, ile ya kusajili michoro Uingereza kati ya 1842 na 1883. Mzee mmoja na bibi mmoja wakakigombea mpaka ukumbi ukanyamaza. Bibi ndiye aliyekuwa juu.

"Mara ya kwanza…"

Pete yangu ikatikisika.

"Mara ya pili…"

Ikashuka kiasi cha unene wa ukucha, ikasita. Mkono wa kushoto umemshika simba, wa kulia una kichupa na kibao changu cha namba. Nikiurusha huo wa kulia kuidaka pete, nimeshanunua pomboo. Nikaikodolea macho kana kwamba macho yana mikono. Ikashuka tena. Mzee akavuta pumzi, kibao chake kikaanza kupanda. Na kutu yote ikaachia kwa mpigo.

KO!

Mbao kavu, nyuma yake wazi: sauti ileile kabisa ya nyundo. Mzee akashusha kibao. Bibi akakumbatiwa na jirani yake. Dalali akaitazama nyundo yake, ambayo bado ilikuwa hewani, kisha akatafuta ukumbini kwa macho safu kwa safu, hadi akanifikia mimi na simba wangu.

Kimya. Halafu kutoka nyuma, sauti ya huyohuyo rafiki anayewasimulia:

"Karibuuu!"

Yaliyobaki ni mafupi. Dalali ana haki ya kufungua upya fungu lenye utata, akafungua. Mzee akapandisha mara mbili, akachukua. Bibi alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza hapa. Nikaenda kulipa bei na kamisheni ya mnunuzi, nikitembea na ukuta.

Mzee alikuwa ananisubiri dirishani. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza kwa mkono, akanionyesha pomboo wake, akajaribu kumwinua. Hasogei.

"Mwanangu, hayo mafuta yako yanaitwaje?"