Kununua umeme wa Ethiopia si aibu

Machi 2025, Rais Samia alipotangaza kwamba mikoa ya kaskazini itapata umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kundi letu la WhatsApp la ukoo liliwaka moto. Bwawa la Nyerere tumelijenga wenyewe, mitambo 9, megawati 2,115, halafu tukanunue kwa watu? Hasira hiyo naielewa. Ila mimi naishi Texas, na huku kujitegemea kwa umeme kumewahi kuua watu.

Sehemu kubwa ya Texas ina gridi yake peke yake, yaani mtandao wake wa umeme, karibu haishikani na zile mbili kubwa za Marekani. Ni uamuzi wa tangu miaka ya 1930: umeme usipovuka mpaka wa jimbo, Washington haina mengi ya kuwaamrisha. Na umeme wanao wa kumwaga, wa gesi, upepo na jua. Februari 2021 ikaja baridi. Visima vya gesi vikaganda, mitambo ikazimika, na saa hizo hizo kila mtu kawasha hita. Gridi nzima ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 ianguke. Nyumba zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa, na serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Njia za kuvuta umeme kutoka nje zilikuwa chache mno. El Paso, iliyo Texas hiyo hiyo lakini imeungwa na gridi ya magharibi, na iliyotayarisha mitambo yake baada ya baridi ya 2011, karibu haikuguswa.

Lakini hata majirani wa kaskazini mwa Texas walikuwa wanakata umeme wiki ile, maana baridi ilikuwa moja. Jirani wa maana ni yule ambaye shida yake haiji siku moja na yako. Rufiji, mto wa Bwawa la Nyerere, unapata mvua kati ya Novemba na Mei. Nyanda za juu za Ethiopia, zinazojaza mabwawa yao ya umeme, zinanyeshewa zaidi Juni hadi Septemba, sisi tukiwa kiangazi. Halafu Arusha iko mbali na Rufiji, na umeme hupotea njiani. Njia ya kilovoti 400 kutoka Singida hadi Isinya, Kenya, ipo tayari.

Wanaohofia hitilafu ya jirani kutuangusha hawakosei: 28 Aprili 2025 Ureno ilizimika pamoja na Hispania. Ila Hispania iliinuka kwa msaada wa umeme wa Ufaransa na Moroko.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuulize ya maana. Uniti moja tutainunua kwa bei gani? Kenya itachukua kiasi gani kwa kupitisha? Ethiopia ikipungukiwa, nani anakatiwa kwanza? Na sisi, Rufiji ikifurika mitambo yote 9 inazunguka, mkataba unaturuhusu kuwauzia wao?