Artemisia inatibu malaria kweli, ndio maana msiichezee

Kila msimu wa mvua inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ile meseji ya artemisia, wengine wanaita pakanga, kwamba kuna mama wa Kichina alipewa Nobel kwa ajili ya huu mmea ila makampuni ya dawa yanatuficha, wewe chemsha majani, kunywa glasi asubuhi na jioni, malaria kwaheri. Chini yake namba ya simu ya muuzaji.

Sasa mimi sio wa kuzidharau dawa za asili, na habari ya Nobel ni kweli kabisa, Tu Youyou alipewa 2015. Ila hiyo stori yake ukiifuatilia vizuri ndio inayoikataa hiyo chai.

Huyu mama alikuwa kwenye mradi wa siri wa jeshi la China ulioanza Mei 1967, wakati wa vita ya Vietnam, wanajeshi wa Vietnam Kaskazini wanaisha kwa malaria na klorokwini imeshagoma. Timu yake ikapekua maelekezo ya waganga wa zamani, artemisia ikaonekana inafaa lakini wakiijaribu kwa panya leo inaponya kesho haiponyi. Kilichowatoa hapo ni maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4: chukua konzi ya majani, loweka kwenye maji, kamua, kunywa yote. Umeona hapo? Hakuna sufuria wala kuchemsha! Tu akahisi moto ndio unaiua dawa, akahamia kwenye etha, kimiminika cha kukamulia dawa ambacho kinachemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikafagia vimelea vyote kwa panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa yeye na wenzake wakainywa kwanza wenyewe waone kama haina sumu.

Halafu sisi tunachukua jina lake tunaenda kulibandika kwenye sufuria inayotokota.

Na sio kwamba chai haijawahi kupimwa. Imepimwa, gramu 9 za majani kwenye lita moja zilitoa kama miligramu 94 za artemisinini, yaani ile dawa yenyewe iliyomo kwenye majani, ambayo ni karibu asilimia 19 tu ya dozi ya siku. Kongo wakawapa wagonjwa wa malaria chai wakalinganisha na kwinini, matokeo yakachapishwa 2004: baada ya siku 7 waliokunywa chai wamepona kwa wastani wa asilimia 74, wa kwinini 91. Muuzaji wa dawa angekatia video hapo hapo na ingependeza sana, tatizo ni kwamba waliendelea kuwafuatilia, na kwa wengi wa chai vimelea vikarudi.

Shangazi yangu ana miche yake nyuma ya nyumba, nikimwelezea haya ananikata, "mwanangu, mbona nikinywa homa inashuka?" Inashuka ndio, shangazi, wala sikubishii, ndicho kinachonitisha. Artemisinini inaua vimelea kwa kasi sana lakini inatoka mwilini ndani ya saa chache, ndio maana hospitali wanatoa dawa mseto, ile ALu, yenye lumefantrini inayokaa siku kadhaa kumalizia waliobaki. Mtu mzima aliyezoea malaria anaweza kuvumilia hicho kilichobaki, ila mtoto wa miaka miwili homa ikishuka mama anatulia, siku zinapita bila kipimo bila dawa, ikija kurudi imeshapanda kichwani.

Kuna wanaosema majani yana vitu vingine vinavyoisaidia artemisinini na kidonge kimeviacha. Hii hoja siitupi, 2012 watafiti wa Marekani waliwalisha panya majani makavu yakafanya vizuri kuliko artemisinini safi ya kiasi kile kile. Lakini hao ni panya na walikula majani yenyewe, sio maji yaliyochemshwa. Anayeiamini hii hoja adai utafiti kwa binadamu, wenye dozi inayojulikana, na Muhimbili pale tuna taasisi nzima ya tiba asili, wapeni hela wafanye kazi. Ila sisi tunapenda njia ya mkato, Mei 2020 tulituma ndege Madagaska kufuata kinywaji cha artemisia cha korona, wakati hata majaribio ya maana kilikuwa hakijafanyiwa.

Jingine, majani hayalingani. Mbegu, udongo, siku ya kuvuna, jinsi ulivyoanika, vyote vinabadilisha kiasi cha dawa, kwa hiyo mfuko wa juzi na wa leo ni vitu viwili tofauti na hakuna anayekupimia. 2019 WHO walisema wazi hawaungi mkono majani wala chai ya artemisia kwa kutibu au kuzuia malaria, watu wakatukana weeee, ooh mabeberu.

Lakini usugu, yaani vimelea kuizoea dawa, hauna ubeberu. Rwanda, Uganda, na hapa kwetu Kagera wameshakuta vimelea vyenye mabadiliko ya vinasaba yanayovifanya vichelewe kufa kwa artemisinini. Na anayekunywa chai kila siku "kwa ajili ya kinga" anavipa hivyo vimelea dozi ndogo ndogo ya dawa ya ukoo ule ule na sindano atakayochomwa mwanae siku akilazwa na malaria kali.