Uchumi wa buluu: jina jipya, bahari ileile

Kilimo cha mwani kilianza mwambao wa mashariki wa Unguja mwaka 1989. Bamvua likifika na maji yakatoka, mkulima wa Paje anateremka na vigingi, kamba na mbegu. Anafunga, anasubiri mwezi au wiki sita, anavuna, anaanika, kisha anauza kwa kilo. Kwa miaka thelathini kazi hiyo iliitwa kilimo cha mwani. Leo mkulima yuleyule, na kamba zilezile, anaambiwa yumo kwenye uchumi wa buluu, yaani shughuli zote za kipato zinazotegemea maji, hasa bahari. Wenzake humo ni mvuvi wa pweza, mwenye hoteli ya ufukweni, meli ya makontena na, kwa mujibu wa Sera ya Uchumi wa Buluu ya Zanzibar ya 2020, hata sekta ya nishati, ambamo mafuta na gesi navyo vimo.

Je, kuyapa mambo ya zamani jina moja jipya kunasaidia chochote? Wapo wanaojibu haraka kwamba haya ni maneno ya semina tu, na ushahidi hawaukosi. Ripoti ya Brundtland, ya tume ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, ilipotoka mwaka 1987, neno lililotamba lilikuwa maendeleo endelevu. Baadaye ukaja uchumi wa kijani. Kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo endelevu uliofanyika Rio, Brazil, Juni 2012, nchi za visiwa vidogo zikasema kijani hakiwatoshi watu wenye ardhi ya kiganja na bahari isiyo na mwisho, na buluu ikapata nguvu. Kila rangi imekuja na makongamano yake. Kenya iliandaa kongamano la dunia la uchumi wa buluu Novemba 2018, likafanyika Nairobi, kilomita mia nne na kitu kutoka Mombasa. Tusiionee sana Kenya, maana maziwa na mito nayo huhesabiwa, lakini mvuvi wa Lamu angekuwa na haki ya kutabasamu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hatari ya jina pana ni hiyo: linapendeza kabla hatujauliza limebeba nini. Afisa anaweza kujumlisha mapato ya hoteli, bandari na dagaa, akatangaza kwamba uchumi wa buluu umekua, bila hata boti moja kuongezeka. Tarakimu ni zilezile, safu ya jedwali ndiyo mpya.

Hata hivyo, hao wanaocheka wanapita haraka mno. Kabla ya Novemba 2020, uvuvi wa Zanzibar ulikuwa ndani ya Wizara ya Kilimo, Maliasili, Mifugo na Uvuvi. Tazama ulipokaa: mwishoni, nyuma ya ng'ombe, kwenye nchi ya visiwa! Rais Hussein Mwinyi alipoingia madarakani aliunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Jina hilo halikuvua samaki hata mmoja, lakini lilimpa mtu mmoja dhamana ya kujibu maswali yaliyokuwa yakizunguka ofisi nyingi. Hoteli ikitaka kujenga pale wanapolima mwani, mgogoro huo si wa utalii peke yake wala wa uvuvi peke yake. Ni wa ufukwe mmoja unaogombaniwa, na jina linalouweka pamoja lina kazi ya kufanya.

Shelisheli walikwenda mbali zaidi. Oktoba 2018 walitoa hatifungani ya buluu, yaani hati ya mkopo ambayo serikali huwauzia wawekezaji, ya dola milioni 15, ya kwanza ya aina yake kutolewa na nchi, fedha zikilenga uvuvi endelevu na hifadhi ya bahari. Kwa mpango mwingine, wa kubadilisha sehemu ya deni lao kwa hifadhi ya bahari, waliahidi kuhifadhi asilimia 30 ya bahari yao, na mwaka 2020 wakaifikia. Mwekezaji alielewa anachonunua, na serikali ilikuwa na kiwango ambacho ingeweza kushindwa kukifikia hadharani.

Kwangu mimi, hapo ndipo pa kupimia. Dhana mpya ina faida pale inapokataa kitu. Buluu ya mwanzo ilikuwa na sharti: utajiri wa bahari utumike bila kuiua bahari. Mafuta na gesi yakiingia bila sharti hilo kutamkwa tena, dhana inakuwa haina mlango, na chochote chenye chumvi kinapita. Mtetezi atajibu kwamba Zanzibar inahitaji mapato na haiwezi kuishi kwa mwani peke yake. Ni kweli kabisa. Basi mradi wa gesi na uitwe mradi wa gesi, ujadiliwe kwa faida na hasara zake, usipewe ngao ya rangi.

Tumewahi kuona neno likitanuliwa hivi. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alichukua ujamaa, undugu ambao kila nyumba iliujua, akaufanya jina la siasa ya nchi. Lilikuwa tendo la kipaji, kwa sababu msikilizaji hakuhitaji kamusi. Lakini miaka ya sabini, watu walipohamishwa kwa nguvu kwenda kwenye vijiji vya ujamaa, neno lilelile la hiari na undugu lilikuwa bado linatumika, na aliyelalamika alionekana anaupinga udugu wenyewe.

Turudi kwenye mwani. Aina ya cottonii, inayouzwa kwa bei nzuri kuliko spinosum, imekuwa ikifa maji yanapopata joto. Inawezekana kupanda kwenye kina kirefu zaidi, lakini huko panahitajika boti na kujua kuogelea, na wengi wa wakulima hawa ni wanawake ambao hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Tatizo hilo lina bei inayoweza kuandikwa: boti ngapi, mafunzo kwa nani, na mwani ukaushwe na kusindikwa wapi. Bajeti ya wizara inaposomwa Baraza la Wawakilishi, ningeanza kusoma kwenye mistari hiyo kabla ya kufika kwenye dibaji.